Siku Tisa kati ya Arobaini

Nekesa mwanangu,

Umeenda Donholm kusukwa nywele. Nakijua hicho kichwa chako na nawajua wasusi wa siku hizi, wanasuka mstari mmoja wanaangalia simu mara tatu, kwa hivyo nina mchana mzima wa kuandika bila wewe kunichungulia begani. Cherehani nimeifunika, imekuwa meza. Wateja wawili wamegonga, nimewaambia warudi baadaye, leo mimi ni mwandishi.

Habari za blanketi, za kuanika nguo na za kutokopesha watu sahani zako sitazirudia. Hayo nimekwambia tangu Jumatatu mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Barua hii ina jambo moja. Ndani ya begi lako kuna ile kazi yako ya kurasa tatu, ile chuo kilisema kila mwanafunzi mpya aje nayo, aeleze kitu alichokifanya kwao, asome mbele ya darasa. Ukurasa wa pili niko mimi kwa picha, nimeinua mfuko wa unga, meno yote nje. Chini umeandika, "Mama yangu, siku arobaini, mfuko mmoja." Picha ni ya kweli. Maneno yaliyo chini yake si ya kweli, na wewe hujui. Sitaki upande gari la Eldoret kesho ukiwa umebeba uongo wangu ukidhani ni heshima yangu.

Lakini wewe unanijua, siwezi kuanza na aibu. Wacha nijisifu kwanza. Katika nyumba zote za safu yetu hapa mtaani Jericho, wewe ndiwe wa kwanza kwenda kusomea mambo ya mazingira, na hilo nimemwambia kila mtu mwenye masikio. Nimemwambia mama wa mboga. Nimemwambia fundi wa viatu pale kona, na kwa vile hasikii vizuri nikamwambia mara mbili. Padri aliuliza tu kama nimepona mafua nikamjibu kwamba mtoto wangu anaenda chuo. Baba yako anasema nimebakisha kupiga tarumbeta. Sina tarumbeta, ningekuwa nayo ningepiga.

Sasa nisikilize.

Wewe ulianza na jiko. Unakumbuka vile nilikuwa nawasha? Wengine wanatafuta vijiti na magazeti, mimi nilikuwa na gunia la vipande vya sare chini ya cherehani. Kipande kimoja, kiberiti kimoja, makaa yameshika. Nilijisifu kwa ufundi huo mpaka nikawafundisha akina mama wa safu nzima, wakawa wanakuja kuniomba vipande. Kila msimu wa mvua wewe ulikuwa unakohoa, nami nilikuwa nasema ni baridi ya hizi nyumba za zamani. Nikupake mafuta kifuani, nikufunge shuka, kisha nitoke hapo mlangoni niwashe jiko kwa sketi ya shule.

Mwaka uliomaliza kidato cha nne ukanisimamia pale mlangoni. "Mum, unajua hiyo unachoma ni plastiki?"

"Hiki ni kitambaa."

"Ni plastiki imefumwa."

"Kwani fundi ni mimi ama ni wewe?"

Ulichukua kipande cha kijani, ukakiwasha, ukakiinamisha juu ya sakafu. Kikadondoka matone kama mshumaa. Tone lilipopoa likawa gumu, jeusi, mviringo kama shanga. Ukaliokota ukaniwekea kiganjani. "Pamba inafanya hivi?"

Haifanyi hivyo, na mimi mwenye kushika nguo miaka yote sikuwahi kutazama. Mwanangu, hukuniambia hata siku moja, "Wewe ndiwe ulinikohoza." Mtoto mwingine angesema. Maneno hayo uliniachia niyatafute mwenyewe, nami niliyapata nikiwa nimesimama pale na ile shanga mkononi. Kwa kunyamaza kwako siku ile nakushukuru leo, maana siku ile sikuweza. Siku ile nilisema jiko liko karibu kuzimika, niondokee.

Ndipo ukaleta chalenji. Siku arobaini, kila mtu na mfuko wake mtupu wa unga wa kilo mbili, umetundikwa kwa msumari na jina limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Maganda yanaenda kwa lile gunia la udongo tunalopandia sukuma wiki. Maji ya kufulia yanaenda chooni. Sokoni unaenda na kapu lako, kwa muuza maziwa na mkebe wako. Chochote kilichobaki, kisichoweza kuliwa na mmea wala kutumiwa na binadamu, ndicho kinaingia kwa mfuko. Mfuko ukijaa kabla ya siku arobaini, umeshindwa. Na kuchoma ni marufuku.

Nyumba sita zikaingia. Baba yako aliingia kwa kucheka, akatia visoda vyake vya chupa na nyembe zilizofungwa vizuri kwa karatasi, akakaa na mfuko wake mpaka mwisho kimyakimya kama anavyofanya kila kitu. Aliyekataa ni Mama Wambui, jirani yetu wa mlango wa mwisho, yule fundi mwenzangu. Alikuambia mbele yangu, "Mtoto mzuri, mimi taka zangu nazijua. Sina haja ya kuzipigisha foleni."

Nami nikamdakia, "Muache, Nekesa. Wengine wakishindwa na mshono rahisi watawezaje na mfuko?"

"Mama Nekesa," akasema, "wewe shona mdomo kwanza."

Tulikuwa hivyo siku zote, mimi na yeye. Wateja walewale, shule zilezile, mwaka huu anapata sare za shule hii, mwaka ujao nazipata mimi. Baada ya maneno hayo nilienda kwa kikundi cha akina mama kanisani nikatangaza kwamba mfuko wangu ndio utakuwa mwepesi kuliko yote. Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama tu wakati wa matangazo.

Siku ya tisa mfuko wangu ulijaa pomoni.

Haukujaa taka za jikoni. Za jikoni nilizishinda, na nitajisifu kwa hilo mpaka kaburini. Ulijaa vipande. Mimi nimekata sare miaka yote bila chaki, nakunjua kitambaa, nakiangalia kwa jicho, makasi yanapita. Watu walikuwa wanasimama kunitazama. Hakuna aliyeniambia, na sikujiuliza, kwamba kukata vile kunaacha mabaki mengi huku na huku, kwa sababu mabaki yote yalikuwa yanaishia kwenye moto wa jiko. Ulipoifunga njia ya moto, ndipo nikaona wingi wa hayo mabaki. Gunia likajaa, mfuko ukajaa, na mimi nilikuwa nimeshasimama kanisani.

Asubuhi ya siku ya kumi, kabla hamjaamka, nilimimina mfuko ndani ya karai, nikaongeza na vile vipande vya gunia, nikaenda nyuma ya nyumba. Pale ambapo mtaro unapita chini ya bamba la saruji, nikasukuma vipande ndani kwa mti wa ufagio. Nikarudi, nikatundika mfuko na maganda mawili ya peremende ndani. Nilijiambia ni mara moja tu. Nikafanya tena baada ya siku chache, kisha ikawa kama kufagia, mkono unaenda wenyewe. Na kila jioni wewe ulikuwa unapapasa mfuko wangu unasema, "Mum, wewe ni moto!" Nami nacheka.

Ile mvua ilinyesha Jumamosi, siku ya thelathini na moja, saa tisa mchana. Unaikumbuka sana maana umeiandika kwa ukurasa wa tatu, lakini umeiandika kama mtu aliyesimama upande wa mbele. Maji yalikataa kupita chini ya bamba. Yakarudi, na mlango wa Mama Wambui ndio uko chini kuliko yote. Tulipofika alikuwa amesimama ndani ya maji ya matope, amebeba cherehani kichwani, na vitambaa vyake vya rangi ya maruni, vya sketi za msimu mzima, vinaelea kama mbwa waliokufa maji. Wanaume wakainua bamba, baba yako akaingiza reki, akavuta. Vikatoka vipande. Vya kijani. Vingine, vingine, vingine.

Mtu akasema, "Hii ni kazi ya fundi."

Mafundi ni wawili. Macho yote yakaenda kwake, aliyekataa chalenji. "Si ulisema taka zako unazijua? Ndizo hizi!" Na wewe, mwanangu, wewe uliyekuwa umeloa mpaka kichwani, ukakimbia nyumbani, ukarudi na mfuko wangu, ukauinua juu watu wote wauone. "Haiwezi kuwa mum! Angalieni, siku thelathini na moja!"

Niliposikia sauti yako ikisema vile, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kulikuwa na nafasi. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni hiki: "Kila mtu ajichunguze mwenyewe."

Mama Wambui aliokota kipande kimoja cha kijani. Akakitazama, akanitazama, kisha akakutazama wewe na mkono wako uliokuwa bado juu. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa aproni. "Basi," akasema. "Nileteeni jembe." Akauzibua mtaro mwenyewe mpaka maji yakashuka. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikishikilia mwavuli.

Siku ya arobaini mlinipigia makofi. Ukanipiga ile picha. Angalia vizuri macho yangu kwa ile picha, utaona hayatazami kamera. Yanatazama mlango wa mwisho, na mlango umefungwa.

Sasa nakuambia lile ambalo hujawahi kuliona. Makofi yalipoisha, nilichukua mfuko mwingine wa unga, sikuandika jina, nikauficha chini ya cherehani. Nikaanza upya peke yangu. Nilishindwa siku ya kumi na mbili. Nikaanza tena, nikashindwa siku ya ishirini na kitu, kwa uvivu mtupu. Mara ya tatu nikakaa chini nikajiuliza kama mjinga: haya mabaki yanatoka wapi? Yanatoka kwa makasi yangu. Nikanunua chaki. Mimi, mwanangu, chaki! Nikawa nalaza vipande vya sketi kwanza, kichwa kwa miguu, kama nyinyi watoto mlivyokuwa mkilala kitanda kimoja kwa shangazi yenu. Mikanda ikatoshea kwenye nafasi za katikati. Mifuko ikatoshea kwenye pembe. Kazi ikaenda polepole, na wale waliokuwa wanasimama kunitazama wakaacha kusimama, maana mtu anayechora mistari hana maajabu. Lakini gunia chini ya cherehani likaanza kukonda.

Na yale machache yaliyobaki, unakumbuka kapu uliloniambia nishone, la kuivishia maharagwe bila moto? Nilikucheka sana. Nikakuuliza, "Kwani maharagwe ni mayai yaatamiwe?" Basi nimelishona. Nimelijaza vipande vyote, kuta nene kama mto. Maharagwe yanachemka kidogo tu kwa jiko, nayafunika humo asubuhi, mchana yameiva na hata hayajashika chini. Ulikuwa unakula kila wiki hukujua. Ulidhani kile ni kiti kipya. Siku ile uliyokikalia sufuria ikiwa ndani, nilikaribia kuzirai.

Mara ya tatu nilifika siku ya arobaini. Nilikuwa peke yangu, hakuna makofi, na mfuko ulikuwa nusu. Nilikaa nikauangalia nikaona nina hamu kubwa ya kumwonyesha mtu mmoja tu, wewe, na siwezi, kwa sababu ili nikuonyeshe huo lazima nikwambie habari za ule wa kwanza. Ndipo nilipojua nini nilichokuwa nimejinyima. Nilikuwa na furaha ya kweli, na sikuwa na mtu wa kumpa.

Leo asubuhi, ulipotoka tu na lango likajifunga, nilienda kwa Mama Wambui. Alikuwa anazungushia uzi bobini ya cherehani yake, hakuinua kichwa.

Nikasema, "Vile vipande vilikuwa vyangu."

"Najua. Msimu ule mimi nilikuwa nashona maruni, si kijani."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Akasimamisha gurudumu kwa mkono. "Mama Nekesa, mtoto alikuwa amesimama pale na mfuko wako juu kama bendera. Ningemwangusha vipi?" Halafu akaongeza, unamjua yule, "Na pia nilitaka nione utakaa na hiyo kitu tumboni muda gani. Mimi nilidhani mwezi. Wewe una tumbo la ngamia."

Nikacheka nikilia. Nilimwambia vile vitambaa vyake vilivyoharibika siku ile nitavilipa kwa kazi, nitaenda kwake kila alasiri msimu huu nimkatie na nimshonee mpaka aseme basi. Akaniuliza, "Utakata na chaki?" Nikasema nitakata na chaki. "Tutaona," akasema, na akanivutia kiti.

Nilifikiri yameisha. Nikamwambia Jumamosi kwa kikao cha safu nitasimama niseme mbele ya watu wote, wewe ukiwa umeshaenda, usione. Akatikisa kichwa. "Mtoto kwanza. Mimi nikikusamehe, ni mambo yangu. Lakini yeye anaenda kusoma uongo mbele ya wageni, na hiyo si yangu kuisamehe."

Kwa hivyo nimekaa hapa. Ningeweza kukuambia kwa mdomo utakaporudi, lakini najifahamu. Kwa mdomo ningeanza kujisifu na nisingefika. Kalamu inanishika mkono.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Kasirika ukitaka, hata usinipigie simu wiki nzima, nitangoja. Nakuandikia kukushukuru pia, na usidhani ni maneno ya kupaka asali. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nimejua kila kitu. Ukaja na msumari na mfuko wa unga ukanionyesha makasi yangu mwenyewe. Kifua changu ni chepesi siku hizi, umekiona. Mvua zilizopita hukukohoa. Baba yako anaosha mkebe wake wa maziwa bila kuambiwa. Na kama ungelikuwa hukuniamini kabisa siku ile ya mvua, kama ungelikuwa umeuinua ule mfuko nusunusu, mimi ningezoea. Ningelala vizuri. Ni kwa sababu uliuinua juu kabisa ndiyo maana sikupata usingizi. Asante kwa kuniamini kupita nilivyokuwa. Ilinibidi nikimbie nikufikie.

Sasa toa ile kazi kutoka kwa begi. Ukurasa wa pili. Futa maneno yaliyo chini ya picha, uandike hivi, ama kwa Kiswahili chako kizuri zaidi: Mama yangu alivumilia siku tisa. Siku ya kumi alianza kutupa vipande vyake kwenye mtaro, na jirani yetu ndiye aliyelaumiwa, na mama akanyamaza. Baadaye alianza upya kwa siri, akashindwa mara mbili, akamaliza mara ya tatu. Ukurasa wa tatu, pale kwa mvua, utajua mwenyewe cha kurekebisha. Na jina la Mama Wambui ukiliandika, muulize kwanza. Atakukatalia, kisha atakubali.

Picha usiitoe. Wakiuliza kwa nini nacheka vile, waambie wamtazame huyo mama vizuri, machoni.

Na usinifiche kwa kunionea huruma, ukaandika "mama mmoja wa mtaa wetu". Nilipouinua ule mfuko nilitaka jina langu lijulikane kila mahali. Basi liandike lote, kwa herufi kubwa: Rosemary Nasimiyu, fundi wa sare, Jericho.

Ni mimi, ninayekungoja urudi na hizo nywele,

Mama yako.